Mgeni aliyelipiwa: kisa cha binti wa kujitolea kule Uru

Wiki ya nne baada ya kumpokea, mama mwenye nyumba alimpigia simu mratibu wa kampuni inayoleta vijana wa kujitolea kutoka nje akamwambia aje amchukue mgeni wake. Usiku uleule binti naye alikuwa ameshamwandikia mratibu huyohuyo ujumbe, anaomba ahamishwe. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Walikuwa wamekula pamoja, wametazama taarifa ya habari pamoja, wametakiana usiku mwema, kisha kila mmoja akaingia chumbani kwake na lake moyoni.

Mratibu ni kijana wa mjini mwenye pikipiki moja na familia nyingi za kuzungukia. Akanipigia mimi. Mimi ni jirani, nimefundisha sekondari, na mama yule huniita Mwalimu hata tukikutana sokoni. Nilitakiwa kutafsiri tu kwenye kikao cha kuwapatanisha, lakini ukishakaa katikati ya watu wawili wasioelewana huwezi kuwa bomba la kupitishia maneno. Majina nimeyaacha. Kitongoji ni kidogo na watu wanajuana hadi kwa kikohozi.

Walivyokutana

Uru iko mteremkoni mwa Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi. Ni migomba, kahawa, mifereji na barabara ambayo mwezi wa tano, mvua za masika zikiwa hazijaisha, hufanya Noah za abiria zigome katikati ya kilima. Binti alifika katikati ya Mei. Alikuwa na miaka 20, Mjerumani, ameacha chuo kwa muda ili, kwa maneno yake, afanye kitu cha maana. Alikuwa ameinunua safari yake kwenye intaneti: wiki nane za kufundisha Kiingereza shule ya msingi na kuishi na familia.

Hapo kuna jambo ambalo halikumsumbua mtu hata kidogo. Kiingereza si lugha ya mama yake. Alikisoma darasani, kama wanavyokisoma watoto wa Uru. Kijijini Mzungu ni Mzungu, na Mzungu anajua Kiingereza, basi. Mwishoni kasoro hiyo ndiyo ilikuja kuwa faida yake kubwa, nitalifikia.

Nyumba aliyopelekwa ni ya kawaida kwa wenye uwezo wa kati: matofali ya kuchoma, bati, umeme wa Luku, bomba linalotoa maji kwa zamu, jiko la kuni nyuma, ng'ombe wawili bandani. Humo wanaishi mama, mzee wake ambaye ni seremala, bibi mzaa baba, kijana wa kidato cha pili na wadogo zake wawili walio shule ya msingi. Kijana alihamishiwa sebuleni ili mgeni apate chumba chenye kufuli. Hakuulizwa, na hakulalamika.

Ahadi tatu

Nianze na kiini cha mgogoro, maana bila hicho malalamiko yote yaliyofuata yanaonekana kama vituko vya watu wawili wasiopendana, na hawa walikuwa wanapendana.

Binti aliambiwa kwamba amenunua huduma. Chumba chake, milo mitatu, maji salama, na mtu wa kumpigia kukiwa na tatizo. Aliambiwa pia kwamba familia inalipwa vizuri, hivyo asijisikie mzigo.

Familia iliambiwa: huyu atakuwa kama mtoto wenu. Mpendeni, mlindeni, mchukulieni kama wa kwenu.

Shule iliandikiwa barua fupi kuwa inaletewa mtu wa kujitolea "atakayeisaidia shule". Mwalimu mkuu akaisoma kama ambavyo mwalimu mkuu yeyote mwenye upungufu wa madawati angeisoma. Wageni waliomtangulia walikuwa wameleta mipira, wakapaka rangi darasa moja. Huyu, alifikiri, labda atajenga choo.

Kwa hiyo siku ile gari lilipomshusha getini, waliofika ni watu watatu ndani ya mwili mmoja: mteja, mtoto na mfadhili. Na aliyezitoa ahadi hizo tatu hakuwepo. Aliyeiuza safari alikuwa Ulaya, ofisi ya Moshi ilikuwa imepewa kazi ya kupokea tu, na mratibu aliyebaki na simu mkononi hakuwahi kuuona ule ukurasa wa intaneti ambako binti alilipia.

Sahani ya chipsi

Malalamiko ya kwanza ya mama yalikuwa chakula. "Mwalimu, huyu mtoto hali. Nampikia, anaacha. Nabadilisha, anaacha. Nimeshindwa."

Malalamiko ya kwanza ya binti yalikuwa chakula pia. Alisema anapakuliwa peke yake mezani, wali na kuku au chipsi na mayai, sahani imejaa mpaka inamwagika, huku watoto wanakula ugali na dagaa jikoni wanamchungulia mlangoni. Aliona aibu. Akawa anakula nusu, akidhani watoto watamalizia nusu nyingine.

Mama alipoiona ile nusu iliyobaki akaona amekosea upishi. Kesho yake akaongeza: mayai mawili zaidi, parachichi, soseji kutoka mjini. Binti akazidi kuona aibu, akala kidogo zaidi. Mambo yakaenda hivyo wiki nne, mmoja akiongeza kwa heshima na mwenzake akipunguza kwa heshima.

Gharama zenyewe sasa. Familia ilikuwa inalipwa shilingi 70,000 kwa wiki, yaani 10,000 kwa siku. Mama ana daftari, na alilileta kwenye kikao bila kuombwa. Kampuni ilikuwa imempa karatasi ya mwongozo yenye vitu ambavyo mgeni sharti avipate: mkate, mayai, matunda, maji ya chupa au yaliyochemshwa vizuri, mafuta yasiyorudiwa kukaangia. Kuku wa kienyeji wa Jumapili peke yake alikula zaidi ya robo ya hela ya wiki. Ukiongeza Luku iliyopanda kwa sababu ya kompyuta na birika la umeme, na kuni za kuchemshia maji ya kuoga asubuhi na jioni, kila wiki mama alikuwa anaongezea hela kutoka mfukoni mwake. Hakuwahi kuidai. Mtu hamdai mgeni bei ya kuku.

Kisha binti akafungua simu akatuonyesha stakabadhi yake. Alikuwa amelipa yuro 1,900 kwa wiki nane, bila nauli ya ndege, bila viza, bila bima. Mzee, ambaye mpaka hapo alikuwa kimya anakuna fundo la mkongojo aliokuwa anauchonga, aliomba nimgeuzie kwa shilingi. Nikamgeuzia. Ilizidi milioni tano. Za kufika nyumbani kwake kwa wiki zote nane zilikuwa 560,000, karibu sehemu moja ya kumi. Alicheka, si kwa furaha, akasema: "Kumbe tumemlisha mtu aliyekwisha kulipiwa."

Niseme haki ya kampuni, kwa kuwa nimezoea kuona watu wakiishia hapo na kuita wizi. Kuna aliyemtafuta mteja Ulaya na matangazo aliyolipia, kuna ofisi, gari la kumpokea uwanja wa ndege, mshahara wa mratibu, kodi. Ofisi ya Moshi yenyewe hupata kipande tu. Sina shida na mtu kula kwa kazi yake. Shida yangu ni kwamba tarakimu zile mbili, ile ya 1,900 na ile ya 70,000, zilifichwa kila moja kwa upande wa pili kwa makusudi. Binti alikatazwa kwa maandishi kuzungumzia malipo na familia. Familia nayo ilikatazwa kwa mdomo. Sababu waliyopewa wote: kulinda uhusiano.

Ndiyo maana swali la ada ya kijana likaja kuchoma vile. Mwanzoni mwa Juni mama alimwambia binti, mbele ya watu, kwamba kaka yake wa kidato cha pili anadaiwa michango shuleni, na yeye kama dada angeona la kufanya. Binti alilia usiku huo. Aliona amefanywa pochi. Nilimuuliza mama alimaanisha nini, akanishangaa: "Mwalimu, si waliniambia ni mtoto wangu? Yule wangu wa Dar namwambia hivyohivyo, na akikosa ananiambia sina." Kwake hiyo ilikuwa dalili kwamba binti amekuwa wa nyumbani. Angekuwa bado mgeni, asingethubutu kumwambia.

Mengine niyapitie haraka. Kuchelewa kurudi Jumamosi, saa tano usiku kwa bodaboda kutoka mjini walikokutana wenzake wa kujitolea, kulimfanya mama akae macho getini na tochi. Binti alidhani mtu mzima haulizwi. Kuingiwa chumbani na kupangiwa nguo kulimkera binti, na kukerwa kwake hakukumwingia mama akilini hata nilipotafsiri mara ya pili. Biskuti alizogawa kwa watoto wa jirani zilileta msururu wa watoto getini kila alasiri. Hayo yote yanatibika kwa dakika tano za maneno, na kweli yalitibika.

Darasa la Tano, watoto themanini

Shuleni ndiko kulikoniuma zaidi, labda kwa kuwa ndiko nilikotoka.

Mzazi wa Uru anajua kitu kimoja kuhusu Kiingereza: katika shule ya msingi ya serikali mtoto anasoma kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo mojawapo, halafu akiingia kidato cha kwanza karibu kila kitu kinageuka, baiolojia, jiografia, hisabati, vyote kwa Kiingereza. Wenye hela huwakimbiza watoto wao shule za binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza tangu awali. Wasio na hela humwomba Mungu, na Mungu akimleta Mjerumani kwa Noah hawamrudishi.

Mwalimu wa Kiingereza wa pale ana vipindi vingi kuliko saa za siku yake. Alipoambiwa kuna msaidizi, akamkabidhi Darasa la Tano, chaki na kitabu, akaenda ofisini kusahihisha madaftari ya Darasa la Sita. Simlaumu sana. Mtu aliyebeba magunia mawili akisikia mmoja anasema nisaidie, hushusha kwanza, maswali baadaye.

Binti alikuwa amejiandaa. Alikuwa na picha za wanyama, kadi za rangi, michezo ya kuruka na kupiga makofi. Watoto walifurahi kupita kiasi. Kelele zikafika hadi kwa mwalimu wa zamu, akatokea mlangoni na fimbo, darasa likazizima, na binti akatoka nje kujificha nyuma ya tangi la maji. Hakuna aliyekuwa amemwambia kuwa fimbo ipo shuleni, wala mwalimu wa zamu hakuambiwa kuwa kelele zile ni somo.

Lakini fimbo siyo tatizo kuu la kisa hiki. Tatizo kuu ni kwamba Darasa la Tano walikwisha jua majina ya wanyama na rangi. Azimio la kazi la muhula, yaani mpango wa masomo, liliwataka wawe kwenye matukio ya wakati uliopita: nilikwenda, nilinunua, sikumwona. Hakuna aliyempa binti azimio hilo. Hakujua kuwa lipo. Kwa wiki mbili watoto themanini walirudia twiga na njano, na jaribio la kufunga muhula lilipokuja likawauliza jana ulifanya nini. Mwalimu wa somo alinionyesha karatasi. Wengi waliandika kitenzi kikiwa uchi, bila dalili yoyote ya wakati, kama vile jana na leo ni siku moja. Alizifunga kwa mpira, akazitia kwenye droo, akasema: "Vipindi vyangu vimeliwa."

Halafu kalenda. Shule zetu hufungwa mwanzoni mwa Juni na kufunguliwa Julai. Vyuo vingi vya Ulaya hufunga kipindi hichohicho, na ndipo vijana wao wanapopata nafasi ya kusafiri. Kila mwaka wanakuja wanakuta mageti yamefungwa. Mtu yeyote mwenye kalenda ya shule ukutani angeliona hilo, na ofisi ya Moshi inayo kalenda hiyo, lakini nafasi za Juni ndizo zinazouzika. Katika wiki nane alizolipia binti, karibu nusu zilikuwa za likizo. Alikuwa ameketi nyumbani siku nzima, katika baridi na ukungu wa Juni wa Uru, akimtazama mama anafanya kazi ambazo yeye alikatazwa kuzigusa.

Alikatazwa na nani? Na ule mwongozo wa kampuni. Mgeni asifanyishwe kazi za nyumbani. Nadhani waliogopa lawama za kumtumikisha, na pengine bima. Kwa hiyo binti alipookota ndoo, mama aliinyang'anya. Alipoomba kwenda kukata majani ya ng'ombe, aliambiwa apumzike. Bibi, aliyekuwa anasikiliza kikao kutoka kwenye kigoda chake karibu na mlango, ndiye aliyelimaliza suala hilo: "Wiki nne hamjampa jembe, mnashangaa nini?" Nilijaribu kumtafsiria binti, ikabidi nianze na siku mbili za mwanzo, nikapita kwa ya tatu. Akaelewa kabla sijamaliza.

Karatasi

Kulikuwa na tatizo jingine ambalo nusura limfukuzishe mwalimu mkuu, siyo binti. Mwishoni mwa Mei afisa elimu kata alipita shuleni akamkuta mgeni darasani, akauliza kibali. Binti alikuwa na viza ya kawaida ya utalii. Viza hiyo ni dola 50 kwa raia wa mataifa mengi na 100 kwa Wamarekani, na haimruhusu mtu kufanya kazi, iwe ya mshahara au ya bure. Anayekuja kujitolea anatakiwa apate kibali cha ukaazi, daraja C. Kampuni ilimwambia ajaze utalii kwenye fomu kwa sababu ni haraka na nafuu, na kwamba wote hufanya hivyo.

Wapo wengi wafanyao hivyo, kweli. Ila anayekutwa darasani ni kijana wa watu aliyeambiwa uongo, na anayeulizwa kwa nini amemruhusu ni mwalimu mkuu. Muuzaji haulizwi. Mwalimu mkuu alimsimamisha binti siku hiyohiyo, na alifanya sawasawa. Baba wa binti aliandika barua kali kutoka Ujerumani, na ghafla kampuni ikakumbuka kwamba gharama za kibali zinaweza kulipwa na wao. Kibali kilitoka kabla ya Juni kwisha.

Nisije nikaeleweka kwamba kujitolea kote kuko hivi. Vijana wa Peace Corps, shirika la Marekani lililoanzishwa wakati wa Rais Kennedy mwaka 1961, hukaa miezi 27. Miezi mitatu ya mwanzo ni mafunzo, Kiswahili kikiwemo, wakiwa wanaishi na familia, na ndipo wapelekwe kwenye vituo vyao vya kazi kwa miaka miwili. Hawalipi ili waje. Ujerumani yenyewe ina mpango wa serikali uitwao weltwärts tangu 2008, wa vijana wa miaka 18 hadi 28, na muda mfupi kabisa ni miezi sita. Tangu 2013 mpango huo una mlango wa pili pia, vijana wa huku wanakwenda kujitolea kule. Mmoja wao aliniambia kwamba siku ya pili familia ya Kijerumani ilimpa vitu viwili, ufunguo wa nyumba na zamu ya kuosha vyombo, na akajua amepokewa. Binti wetu angeweza kuomba mpango huo. Alisema foleni ni ndefu, na kampuni ilimjibu ndani ya siku mbili.

Kikao kilivyokwisha

Tulikaa tangu baada ya chai ya saa nne hadi ng'ombe walipoanza kulalamika. Hakukuwa na kupeana mikono kwa kamera. Mama alisema anataka kusikia jambo moja tu, kama binti anataka kuondoka. Binti akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Mama, mimi nataka kukaa. Mimi sitaki kuku." Mzee akacheka tena, safari hii kwa furaha.

Walipatana hivi. Anakula wanachokula wote, jikoni au mezani lakini pamoja, na yai la asubuhi libaki kwa kuwa ugali wa asubuhi haupandi. Anaamka na kijana kwenda kukata majani. Akienda mjini anarudi kabla ya saa moja jioni, au anapiga simu kabla giza halijaingia kusema analala kwa wenzake. Chumbani haingii mtu bila hodi, isipokuwa bibi, ambaye alisema wazi kwamba hataanza kupiga hodi kwa umri wake. Ada ya kijana ikaondolewa mezani. Mama alisema amesikia, na binti naye akasema akitaka kutoa atatoa kama dada, siku akiwa na kazi.

Siku ya kwanza ya majani alijikata kidole kwa mundu. Mama alimfunga kitambaa, akamgombeza kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitumia kwa mgeni, akamrudisha shambani.

Shuleni haikuwa rahisi hivyo, kwa sababu mwalimu wa somo hakutaka kumwona tena karibu na Darasa la Tano. Darasa la Saba walikuwa wamebaki wakati wa likizo kwa masomo ya ziada, mtihani wao wa taifa ukiwa Septemba. Nilipendekeza binti asifundishe. Asome imla tu. Mwalimu wa somo anafundisha kanuni, anaandika mifano ubaoni, kisha binti anasoma sentensi sita polepole, watoto wanaandika, halafu mwalimu anazisoma zilezile kwa lafudhi yake, watoto wanakagua. Dakika arobaini, watu wazima wawili, chaki moja.

Siku ya pili kulitokea jambo. Mtoto mmoja aliuliza kwa nini kitenzi kimoja kinageuka vibaya wakati uliopita badala ya kuongezewa mkia kama vingine. Mwalimu alitaka kusema ni desturi tu, kariri. Binti akatoa kwenye begi daftari lake la zamani la shule, ndiyo, alikuja nalo, lenye safu za vitenzi hivyo alivyovikariri akiwa na miaka kumi na moja, vimepangwa kwa jinsi vinavyofanana sauti. Mzawa wa London asingekuwa na daftari hilo, maana hajawahi kulihitaji. Mwalimu aliliomba, akalinakili lote mchana huo huku uji ukipoa.

Kuanzia hapo wawili hao wakawa wanabaki ofisini baada ya vipindi. Mwalimu yule amefundisha Kiingereza miaka mingi na hakuwahi kuwa na mtu wa kuzungumza naye Kiingereza kwa zaidi ya salamu. Alianza kwa kusitasita, akiandika kwanza anachotaka kusema. Ilipofika Julai nilimsikia akimsimulia binti, bila karatasi, kisa cha mkwe wake na mbuzi wa mahari, na akakasirika katikati ya hadithi, kwa Kiingereza. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida pekee ya kweli iliyopatikana katika wiki nane zile, na haikuwemo katika ahadi yoyote kati ya zile tatu. Kila mwaka darasa jipya litapita mikononi mwa mwalimu huyo.

Je, alama za Septemba zilipanda? Sitadai hivyo. Wiki tatu za imla hazibebi mtihani wa taifa, na yeyote atakayekuletea grafu ya namna hiyo anakuuzia kitu.

Baada ya binti

Aliondoka katikati ya Julai na kovu la mundu na kilo mbili za kahawa. Humwandikia mama, hasa kwa ujumbe wa sauti, na mama hujibu kwa sauti kubwa kana kwamba simu inapita milimani. Kijana wa kidato cha pili amerudishiwa chumba chake. Mwalimu mkuu ameandika barua kwa kampuni: hapokei tena mtu bila kibali mkononi, wala anayekuja Juni, wala anayekuja kwa chini ya muhula, na azimio la kazi litatumwa kwa mgeni kabla hajapanda ndege. Kampuni ilijibu kwamba masharti hayo yatapunguza idadi ya wageni. Akawaandikia kwamba ndivyo anavyotumaini.

Mama naye alipoombwa kupokea mwingine Septemba alisema 120,000 kwa wiki, chakula cha nyumbani, na mgeni afanye kazi. Mratibu akasema wapo wanaokubali 70,000. Mama akaenda kwa wanawake watatu wa kitongoji waliowahi kupokea wageni, akawafungulia daftari lake, ukurasa wa kuku na ukurasa wa Luku. Sasa nyumba zote nne zina bei moja. Kampuni imepata nyumba ya tano, ng'ambo ya mto, na wiki iliyopita mwenye nyumba hiyo alikuja kwa mama kuazima vyombo vya wageni. Alipewa vyombo, na daftari juu yake.